KUFUNGA ZAWADI BILA HASARA

Wasomaji wetu, twaona fedha hupotea bure kwa karatasi za rangi za kufungia zawadi, ambazo huchanwa na kutupwa siku ile ile. Twawashauri mtumie kanga. Ikunjwe katikati ipate kukaribia mraba, zawadi iwekwe juu yake, zifungwe pembe mbili zinazoelekeana, kisha mbili zilizobaki ziwe mkono wa kubebea. Wajapani hufanya vivyo hivyo kwa kitambaa kiitwacho furoshiki. Mwaka 2006 Waziri wao wa Mazingira, Yuriko Koike, aliwahimiza watu kukitumia badala ya mifuko ya plastiki. Mchele na vitu vizito vitiwe katika kikapu cha ukindu. Basi, mpewa hupata zawadi mbili: kitu chenyewe na kifungio chake.