Maswali na Majibu: Barafu ya Mirihi na Historia ya Tabianchi Yake

Je, Mirihi ina barafu ya kutosha kuitwa kumbukumbu ya tabianchi?

Ipo, tena nyingi. Chombo cha Mariner 9, kilichoanza kuizunguka Mirihi mwishoni mwa 1971, kilituma picha zilizoonyesha kwamba barafu ya ncha zote mbili imepangika matabaka kwa matabaka, mengine angavu na mengine meusi. Baadaye zikaja rada mbili zenye uwezo wa kupenya barafu: MARSIS, iliyomo kwenye chombo cha Ulaya cha Mars Express, na SHARAD, iliyomo kwenye Mars Reconnaissance Orbiter ya Marekani. Kwa vipimo hivyo tunajua kuwa barafu ya kaskazini ina upana wa kilomita 1,000 hivi na unene wa kilomita 2 hivi, na kwamba ya kusini hufikia kilomita 3.7 mahali ilipo nene zaidi. Sehemu kubwa ni maji yaliyoganda pamoja na vumbi. Ila kuna barafu ya pili ambayo huwachanganya watu, nayo ni ya hewa ukaa. Kila majira ya baridi, takriban robo ya hewa ya sayari nzima huganda na kutanda kwenye ncha, kisha jua linaporudi barafu hiyo hugeuka hewa tena bila kuwa kimiminika. Hiyo huja na kuondoka. Historia ninayoizungumzia imo kwenye barafu ya maji.

Matabaka hayo yanatokana na nini?

Hoja yangu ni kwamba chanzo kikuu ni mwinamo wa mhimili wa sayari. Mhimili wa Dunia huinama kati ya nyuzi 22.1 na 24.5, hauvuki hapo, kwa sababu Mwezi wetu ni mkubwa na huutuliza. Miezi miwili ya Mirihi, Phobos na Deimos, ni midogo mno kwa kazi hiyo. Leo Mirihi imeinama nyuzi 25, karibu sawa na sisi, lakini hiyo ni bahati ya wakati tu. Mahesabu ya mwanafalaki Mfaransa Jacques Laskar na wenzake yanaonyesha kuwa katika miaka milioni chache iliyopita mwinamo huo umepanda na kushuka kati ya nyuzi 15 na 35, mzunguko mmoja ukichukua takriban miaka 120,000, na kwamba kabla ya miaka milioni 5 iliyopita wastani wake wenyewe ulikuwa karibu nyuzi 35. Mwinamo unapokuwa mkubwa, ncha hupigwa na jua kali la kiangazi, barafu yake hugeuka mvuke na kwenda kuanguka karibu zaidi na ikweta. Mwinamo ukipungua, maji hurudi kwenye ncha. Katika kwenda na kurudi huko, kiasi cha vumbi kinachonaswa ndani ya barafu hubadilika, na hapo ndipo tofauti ya rangi kati ya tabaka na tabaka inapopatikana.

Lakini Mirihi ina dhoruba kubwa za vumbi. Kwa nini matabaka yasiwe kazi ya dhoruba tu?

Pingamizi hili ni zito, na limetolewa na wataalamu wenyewe. Mwaka 2009 Taylor Perron na Peter Huybers walichambua mpangilio wa matabaka katika picha za ncha ya kaskazini wakaona kwamba sehemu kubwa yake inaweza kuelezwa kwa bahati nasibu, bila kuhitaji mzunguko wowote wa mwinamo. Nakubali kwamba anayetaka kuhesabu tabaka moja kwa kila mzunguko anajenga juu ya mchanga. Hata hivyo hoja ya mwinamo haisimami juu ya tabaka mojamoja. Mwaka 2016 Isaac Smith na wenzake, wakitumia rada ya SHARAD, walionyesha kwamba ndani ya barafu ya ncha kuna uso wa kale uliolika, na juu yake barafu changa ya kilomita za ujazo 87,000 hivi. Kiasi hicho kinakaribiana na kile ambacho mahesabu ya tabianchi yanasema kingerudi kwenye ncha tangu enzi ya barafu ya mwisho ya Mirihi ilipokoma, takriban miaka 370,000 iliyopita. Dhoruba zinaweza kuchora mstari mmoja wa vumbi hapa na mwingine pale, lakini haziwezi kuing'oa barafu ya ncha na kisha kuirudisha kwa kiasi kinacholingana na hesabu ya mwinamo.

Basi umri wa kila tabaka unajulikana?

Haujulikani. Hapa Duniani, barafu ya Antaktika iliyotobolewa kwa keekee imetoa kumbukumbu ya miaka 800,000. Hata Kilimanjaro, timu ya Lonnie Thompson ilitoboa barafu yake mwaka 2000 na kukadiria kuwa ya chini kabisa ina miaka 11,700. Wataalamu walishika barafu mikononi wakaipima maabara. Kwa Mirihi tunacho kitu kama daftari la duka lisilo na tarehe, lenye kurasa zilizochanwa: tunajua shughuli ipi ilitangulia ipi, siku hatuijui. Kuna pia fumbo la kusini. Uso wa barafu ya huko una kreta nyingi zaidi, dalili kwamba umekaa makumi ya mamilioni ya miaka, ilhali nadharia inasema mwinamo mkubwa ungeufuta. Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni kwamba vumbi lililobaki juu baada ya barafu kugeuka mvuke lilikuwa nene kiasi cha kuikinga iliyo chini. Bado hayajathibitishwa.

Kama Mirihi hubadilika bila viwanda, kwa nini binadamu alaumiwe kwa joto la Dunia?

Hoja hii husambaa sana, na ni dhaifu. Huanzia kwenye picha za Mars Global Surveyor, zilizoonyesha kingo za barafu ya hewa ukaa karibu na ncha ya kusini zikirudi nyuma mita kadhaa kwa mwaka. Wapo waliodai kwamba Jua ndilo linalozipasha sayari zote mbili. Setilaiti zimepima nguvu ya Jua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na hazijaona ikipanda. Mabadiliko ya mwinamo, kwa upande wake, huchukua makumi ya maelfu ya miaka, ilhali hewa ukaa angani mwetu imepanda kutoka sehemu 280 hadi zaidi ya 420 kwa kila milioni tangu enzi ya viwanda ianze. Kuwapo kwa chanzo kimoja cha mabadiliko hakufuti kingine.

Nini kifanyike ili tarehe zipatikane?

Ni kutua juu ya barafu yenyewe na kuitoboa. Chombo cha Phoenix kilitua kaskazini mwaka 2008, kikakuta barafu sentimita chache chini ya udongo, lakini mahali hapo ni uwanda ulio nje ya matabaka ya ncha. Mars Polar Lander, kilichokusudiwa kutua kwenye matabaka ya kusini, kilipotea Desemba 1999 kilipokuwa kikishuka, na hadi leo hakuna kingine kilichotumwa kutua juu yake.