Kilifi hadi Malindi kwa Miguu: Panga Maji Kwanza, Kisha Pesa

Wengi wakipanga safari hii huanza na begi na viatu. Wewe anza na mwezi. Ufuo wa kutoka Kilifi hadi Malindi hauna njia iliyochorwa. Ni mchanga, kisha mwamba wa matumbawe wenye makali ya kukata soli, kisha mchanga tena. Maji yakijaa yanagonga mwamba, na pale ulipodhani utapita hapapo.

Hesabu si ngumu. Siku chache baada ya mwezi kuandama, au baada ya mwezi mpevu, huwa ni bamvua. Maji hujaa sana saa kumi au kumi na moja alfajiri, halafu hupwa hadi kama saa nne au tano asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hivyo siku ya kwanza ukitoka saa mbili asubuhi, maji yanakufungulia njia. Siku ya tatu hata ukichelewa chai si neno. Tafuta jedwali la maji kupwa na kujaa kwenye simu, ulipige picha ya skrini mapema. Mvuvi wa pale akikwambia tofauti, msikize yeye.

Msimu nao: Aprili na Mei mvua ni nyingi, na Juni hadi Agosti kusi huchafua bahari. Januari hadi Machi joto ni kali lakini bahari imetulia. Beba maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani.

Kutoka Kilifi hadi Uyombo ni takriban kilomita 30, siku mbili za kutembea bila kujiumiza. Halafu unafika Mida, mkono wa bahari unaoingia ndani kwenye mikoko. Ng'ambo ni Watamu, unaiona kabisa, lakini daraja hakuna na mkondo wa mdomoni una nguvu. Usijaribu kuvuka kwa miguu, hata maji yakionekana mafupi. Ni mashua, au urudi barabara kuu uzunguke kupitia Gede.

Hapa sasa ndipo pesa yako inapimwa. Mtu amekupa namba ya nahodha, nahodha anataka malipo yote mapema. Usitume yote. Kwanza uliza kwa BMU ya wavuvi wa hapo kama wanamjua. Kisha mkubaliane: bei ni ya mashua nzima au ya kila kichwa? Jaketi za kujiokolea zipo? Tuseme ni shilingi 2,000 kwa mashua. Tuma 500 kama arbuni, zinazobaki mkishashuka ng'ambo. Kabla malipo hayajakamilika, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama si lake, simama hapo hapo umuulize.

Halafu kuna ile ya mtandao kukatika katikati. Umeshaweka PIN, simu inazunguka tu, ujumbe hauji, nahodha anakuangalia. Watu hutuma mara ya pili hapo, na pesa inatoka mara mbili. Ngoja kidogo, uangalie salio kwanza. Salio likiwa limepungua, pesa imetoka. Nahodha naye asubiri ujumbe kwenye simu yake mwenyewe, au aangalie salio lake. Picha ya skrini yako si malipo, na nahodha mwerevu hataikubali. Salio likiwa vile vile, tuma tena. Na kama mtandao hauko kabisa, lipa kwa noti.

Ndiyo maana noti unazitoa ukiwa bado Kilifi mjini. Wakala wa kijijini anaweza kuwa na duka wazi lakini hana pesa za kukupa, hasa jioni. Omba noti za 50, 100 na 200, kwa sababu muuza madafu hana chenji ya elfu moja. Zifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, mbali na simu.

Mkiwa wanne, msirundike mchango wote kwenye simu ya mmoja. Simu moja ikidondoka majini, safari yote imezama nayo. Mweka hazina ashike ya chakula na mashua, na kila mtu abaki na nauli yake ya kurudi. Weka PIN ya laini pia, ile ya SIM kadi, ili simu ikipotea mtu asihamishe laini yako kwenye simu nyingine. Kutuma na kulipa hakuhitaji bando, menyu ya kawaida ya simu inatosha, kwa hivyo zima data utunze chaji.

Watamu hadi Malindi ni kilomita 20 na kitu, na mawakala ni wengi. Ukitaka kuingia hifadhi ya bahari kuona samaki, KWS hulipwa kupitia eCitizen. Lipa usiku uliotangulia ukiwa na mtandao mzuri, uhifadhi risiti kwenye simu. Ile nauli ya kurudi ihamishie kwenye akaunti yako ya akiba kabla hamjaondoka Kilifi. Ikikaa kwenye salio la kawaida, samaki wa Watamu ataila.