SOMO LA KIKUNDI: KABLA YA KUNUNUA SHAMBA KANDO YA MTO



Wengi wetu hapa Kasikeu tunatamani shamba bondeni: kimya, mikuyu mikubwa, maji karibu. Ni jambo jema, lakini tusinunue mbuzi kwenye gunia. Tuseme mama ameuza ng'ombe wawili akalipia shamba kama hilo, wakaandikiana karatasi tu. Mwezi wa pili mke wa muuzaji anakuja kusema hakuulizwa. Ng'ombe wamekwenda, shamba nalo hana. Basi tufuate hatua hizi.

1. Tembea. Nenda kiangazi, nenda na wakati wa mvua. Waulize wazee mafuriko yalifika wapi, na njia ya kuteka maji inapita wapi.

2. Fanya "sachi". Peleka nambari ya shamba kwenye ofisi ya usajili wa ardhi. Utaonyeshwa jina la mwenyewe, na kama shamba limewekewa mkopo au zuio. Kisha sorovea akuonyeshe bikoni.

3. Familia ikubali. Kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, mali ya ndoa haiuzwi bila kibali cha mume na mke. Mwenye hati akiwa amefariki, watoto hawawezi kuuza mpaka urithi umalizwe kortini.

4. Bodi ya ardhi. Sheria ya 1967 yataka shamba la kilimo lipate kibali cha bodi. Ombeni ndani ya miezi 6 tangu kuandikiana. Bila kibali hicho mauzo ni batili, hata kama chifu amepiga muhuri.

5. Ukingo wa mto. Ukinunua shamba hujanunua mto. Kanuni za 2006 ziliweka ukanda wa mita 6 hadi 30 usiolimwa wala kujengwa. Muulize afisa wa maji kiasi cha mahali penu. Usikate miti ya ukingo, ndiyo inashika udongo. Usiuze mchanga ovyo: Makueni ina sheria ya mchanga tangu 2015. Tena mchanga ndio debe letu la kiangazi. Ukibebwa na lori, hata ukichimba kisima mtoni hupati maji.

Maswali ya kujadili
- Kikundi chetu kikinunua shamba, majina ya nani yataandikwa kwenye hati? Yaandikwe kwenye kitabu cha mkutano.
- Nani kati yetu amelipia shamba na hajafika kwa bodi? Tumsindikize mwezi huu, miezi 6 haijapita.