Somo: Kujibu Vema na Kuishi Vema Baada ya Kuumia Kichwa



Hapa Goma twawaona wengi walioumia kichwa: dereva wa pikipiki ameanguka, kijana wa chukudu ameshindwa kuisimamisha kwenye mteremko wa kutoka Kibumba. Tunawapima kwa kipimo cha Glasgow cha mwaka 1974: macho, maneno, na mwendo wa viungo. Mgonjwa akifika 15, tunafurahi. Je, 15 ni kupona? Hapana. Ni kusema kwamba ameamka.

1. Maswali ya akili
Tunamwuliza siku na mahali, tunampa maneno 3 akumbuke, tunamwambia atoe 7 katika 100, tena 7, tena 7. Kipimo cha namna hii kilitungwa Marekani mwaka 1975. Alama zake ni 30. Jihadharini na makosa mawili. Mama asiyesoma atashindwa kuandika sentensi, na si mgonjwa. Tena mtu aliyesoma aweza kujibu yote, kumbe sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga kazi na kuzuia hasira, imeumia.

2. Ulizeni watu wa nyumbani
Bwana anajibu vizuri kitandani. Kisha bibi yake anasema: "Muganga, alirudi, lakini haiko yeye. Anaweka sufuria ku moto, anasahau. Anakasirika bure." Msimkatize mama huyu, maneno yake nayo ni kipimo. Mwelezeni kwamba huu si uvivu wala si ulozi. Ni kidonda kisichoonekana.

3. Tazameni kazi ya mikono
Mpeni franga, aende soko la Virunga pamoja na ndugu yake, anunue vitu 3. Je, alisahau kimoja? Alihesabu vema pesa iliyobaki? Awashe makala, apike bugali, na ninyi mtazame tu. Mwulizeni ndugu: zamani alifanyaje?

4. Mashauri
Asiendeshe pikipiki mpaka muganga aruhusu. Pigo la pili laweza kumwua. Afanye kazi moja moja, apumzike, asinywe pombe. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akishikwa na kifafa au usingizi mzito, arudi hospitali upesi, hata usiku.

Maswali ya kujibu
a) Kwa nini 15 ya Glasgow si kupona?
b) Mgonjwa akijibu yote vema, utamwuliza nani tena?