SOMO: KUTUNZA SIMU ZA INTANETI ZA OFISI UKIWA MBALI

Lengo la somo: Baada ya somo hili, kamati iweze kueleza jinsi simu ya intaneti inavyopata mipangilio yake, kupanga njia salama ya fundi kuitengeneza bila kusafiri, na kuamua ni nani atakayeshika funguo.

Kisa cha kufikiria

Ndugu msomaji, hebu tuseme kanisa lina ofisi kuu Kitale na zahanati karibu na Lodwar. Hiyo ni safari ya karibu kilomita 300. Zahanati imewekewa simu tatu za intaneti: moja ya muuguzi wa zamu, moja ya karani na moja ya stoo ya dawa. Jumatatu asubuhi simu ya muuguzi inakataa. Ukiinua mkono wa simu, kimya. Karani anatumia simu yake ya mkononi, kwa pesa zake mwenyewe: "Fundi, simu imekufa." Fundi anajibu kwamba atakuja Alhamisi, gari likipatikana. Anafika, anatazama, kumbe ni neno la siri lililoandikwa vibaya herufi moja. Anasahihisha kwa dakika mbili, anakunywa chai, analala, kesho yake anarudi Kitale.

Sasa tuulizane. Katika siku hizo tatu, mama akishikwa na uchungu usiku, muuguzi angeita gari kwa njia gani? Na mafuta yale yametoka kwenye mfuko gani? Ndiyo sababu ya somo hili.

1. Simu hii ni kitu gani?

Kwa sura ni simu ya mezani kama zile za zamani. Kwa ndani ni kompyuta ndogo. Sauti yako haipiti kwenye waya wa nguzo, bali inakatwa vipande vidogo na kupelekwa kwa mtandao uleule unaopeleka barua pepe. Mahali fulani kuna seva ya simu, yaani mashine inayojua kila namba ya ndani iko wapi. Seva nyingi hutumia programu ya bure iitwayo Asterisk, iliyoanzishwa mwaka 1999. Kila simu hujiandikisha kwa seva hiyo: "Mimi ni namba 203, na uthibitisho wangu ni huu." Hurudia hivyo kila baada ya muda. Ikikosea uthibitisho, seva inaikatalia, nayo inabaki kama pambo la meza.

2. Simu inajifunza wapi?

Geuza simu uangalie chini. Utaona namba ya kifaa iitwayo MAC, yenye tarakimu na herufi 12. Hakuna kifaa kingine kinachopaswa kuwa na namba hiyo. Simu ikiwashwa huomba anwani kutoka kwa ruta. Ruta inaweza pia kuiambia, kwa kipengele kinachojulikana kama chaguo la 66, "Mipangilio yako iko kwenye seva fulani." Simu inakwenda huko na kutafuta faili yenye namba yake ya MAC. Inasoma humo jina la seva ya simu, namba ya ndani, neno la siri na mengineyo, kisha inajipanga yenyewe.

Hapo ndipo penye faida. Fundi hahitaji kuigusa simu. Akiwa Kitale anasahihisha faili, na simu ya Lodwar ikizimwa na kuwashwa, au ikifika saa iliyopangiwa, inasoma upya. Mtandao ukiwa mwembamba anaweza hata kubadilisha namna ya kubana sauti. Namna ya kawaida iitwayo G.711 huhitaji kilobiti 64 kwa sekunde kwa sauti peke yake. Ile ya G.729 huhitaji 8 tu. Mizigo ya njiani huongezeka kwa zote mbili, lakini tofauti inabaki kubwa.

3. Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza: Andika orodha. Kila simu iandikwe namba ya MAC, namba ya ndani, chumba ilipo, na tarehe iliyowekwa. Bila orodha, fundi wa mbali ni kama mchungaji asiyejua idadi ya kondoo wake.

Hatua ya pili: Weka seva ya mipangilio. Zamani simu nyingi zilichukua faili kwa njia ya TFTP. Njia hiyo haiulizi neno la siri wala haifichi chochote. Tumia HTTPS, ambayo hufunga mazungumzo yasisomwe njiani. Tena seva isimpe faili yeyote anayetaja namba ya MAC. Sehemu ya kwanza ya namba hiyo humtambulisha mtengenezaji, kwa hiyo mwizi anaweza kubahatisha iliyobaki. Lazima simu ijithibitishe kwanza, kwa jina na neno la siri au kwa cheti cha kidijitali.

Hatua ya tatu: Tengeneza njia ya kuingia. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ili wafike haraka, wanafungua mlango kwenye ruta ili ukurasa wa simu uonekane kutoka popote duniani. Usifanye hivyo! Njia nzuri ni VPN, ambayo ni kama bomba lililofungwa kati ya tawi na ofisi kuu. Ruta ya tawi ndiyo inayopiga hodi Kitale, si Kitale kupiga hodi Lodwar. Inafaa hata pale ambapo kampuni ya intaneti inabadilisha anwani yenu kila mara. Mlango wa kuingia kutoka nje haufunguliwi.

Hatua ya nne: Badilisha maneno ya siri ya kiwandani. Simu nyingi zilitoka kiwandani na "admin" kama jina na neno la siri pia. Kila mwizi analijua hilo. Na kila simu iwe na neno lake refu. Lisifanane na la jirani.

Hatua ya tano: Jaribu kwa simu moja. Ukitaka kuweka toleo jipya la programu ya ndani ya simu, anza na ile ya stoo, si ya muuguzi. Fanya hivyo wakati kazi ni chache. Hakikisha stima haitakatika katikati, kwa maana simu inaweza kuharibika kabisa. Hifadhi nakala ya faili ya zamani ili urudi nyuma mambo yakienda mrama.

Neno la nyongeza: ukinunua simu iliyotumika, ifute mipangilio yote kwanza. Watengenezaji wengine wana seva ambako simu hubisha kabla ya kuja kwako. Kama mwenye zamani hakuiondoa huko, inaweza kuendelea kutii bwana wake wa kwanza.

4. Mwizi anataka nini?

Wengine husema, "Sisi ni kanisa dogo, nani atatuibia?" Mwizi hakutafuti wewe kwa jina. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikibisha mlango namba 5060, ambao ndio wa kawaida wa simu hizi. Zikipata neno la siri dhaifu, mwizi hupiga simu kwa namba za ng'ambo zenye bei ya juu, ambazo yeye au wenzake wanapata sehemu ya malipo. Hupenda usiku na wikendi, wakati ofisi imefungwa. Jumatatu mnakuta bili, na bili ni yenu.

Basi fungeni simu za ng'ambo kwa kila namba isiyozihitaji. Mwambieni mtoa huduma aweke kikomo cha matumizi kwa siku. Karani atazame orodha ya simu zilizopigwa kila wiki, kama anavyotazama daftari la sadaka.

5. Nani ashike funguo?

Fundi anayeweza kutengeneza kutoka mbali anaweza pia kusikiliza, kuzima na kuharibu kutoka mbali. Simaanishi kwamba mafundi ni wabaya. Lakini nimeona ofisi ambayo fundi wake alipata kazi kwingine, akaondoka na maneno yote ya siri kichwani. Hakuiba kitu. Hata hivyo ilibidi simu zote zifutwe na kuanzwa upya, moja baada ya nyingine, na watu waliokuwa wakipiga hawakupata jibu.

Kwa hiyo mali iwe ya ofisi, si ya fundi. Maneno ya siri yaandikwe na kufungiwa katika bahasha ndani ya sefu, na watu wawili wajue ilipo. Kila fundi aingie kwa jina lake, ili ionekane nani alibadilisha nini. Siku akiondoka, jina lake lifungwe siku hiyohiyo. Tena tukumbuke, orodha ya simu za zahanati inaonyesha ni nani aliyempigia muuguzi. Hizo ni habari za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatutaka tuzitunze. Yule wakili wa Luka sura ya 16 aliitwa kutoa hesabu. Nasi tutaulizwa.

6. Yasiyotengenezwa kutoka mbali

Stima ikikatika, au waya ukitafunwa na panya, fundi wa Kitale hana la kufanya. Zahanati iwe na betri ya akiba kwa ruta na simu, na simu moja ya kawaida ya mkononi yenye chaji, kando ya kitabu cha zamu. Jaribuni pia namba za dharura 999 na 112 kutoka simu ya intaneti, mkiwa mmeshauriana na mtoa huduma. Simu ikitokea kwa seva iliyo mji mwingine, anayepokea huenda asijue mko wapi. Mfundisheni kila mfanyakazi kutaja mahali kwanza.

Maswali ya kujadiliana

1. Simu ya ofisi yetu ikifa leo usiku, nani atajua, na baada ya muda gani?
2. Ni nani sasa anayejua maneno yetu ya siri? Akiondoka kesho, itakuwaje?
3. Je, kuna mlango ulioachwa wazi kwenye ruta yetu? Nani atauliza fundi?

Kazi kabla ya kukutana tena: Andikeni orodha ya simu zote na namba zake za MAC. Kisha chagueni watu wawili watakaojua bahasha iko wapi. Msiache hadi Jumatatu ile simu itakapokataa.