Niliyojifunza Kando ya Karasha

Nilikulia Shinyanga, kisha nikahamia upande wa Katoro mkoani Geita, nyumba yangu ikatazamana na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Fizikia ya shuleni nilikuwa nimeshaisahau. Kelele zikanirudisha darasani.

1. Ardhi hupeleka habari kabla ya hewa. Mgodi mkubwa ukilipua miamba, unasikia ardhi ikitetemeka miguuni, halafu ndipo unakuja mlio. Majirani wanasema wamelipua mara mbili. La, baruti ni ile ile. Hewani sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Kwenye mwamba mgumu hufika hata mita 5,000. Ukiwa kilomita 3 kutoka shimoni, mtikisiko unakupitia kabla ya sekunde moja kwisha, mlio unausubiri karibu sekunde 9.

2. Usiku karasha linasogea. Mchana hulisikii, usiku liko nyuma ya jiko. Utulivu unachangia, lakini si wenyewe tu. Jua likizama ardhi hupoa upesi, hewa ya chini ikawa baridi kuliko ya juu. Sauti hukimbia zaidi kwenye joto, kwa hiyo wimbi lililokuwa likipaa hupinda na kutushukia sisi tuliolala.

3. Desibeli hazijumlishwi kama pesa. Makarasha mawili yanayolingana huongeza desibeli 3 tu juu ya lile moja, ingawa nishati imekuwa maradufu. Kiwango kinachotumika sana cha usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Kwa 91 una saa 2. Vijana wetu wanamaliza zamu nzima na pamba masikioni, na pamba haizuii kitu cha maana.

4. Aliyeharibiwa na karasha anasikia. Hili ndilo lililonichukua muda kulielewa. Mzee mmoja jirani, msagaji wa siku nyingi, aliulizwa na mkewe, “Nipike sato?” Akajibu, “Pato gani, na karasha halijazunguka wiki nzima?” Tulicheka, naye akacheka. Binadamu husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi, na ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo, kila kundi na mawimbi yake. Kelele hushambulia kwanza zile za karibu na hezi 4,000, na zikifa hazioti tena. Irabu ni nzito, zinabaki. S, f na t ni nyembamba, zinapotea. Ukimpigia kelele unaongeza irabu ambazo tayari anazisikia, tena unamuumiza. Mkewe siku hizi humkabili usoni, anasema taratibu.

5. Umbali ni dawa ya bure. Mahali pa wazi, ukizidisha umbali mara mbili kelele hupungua desibeli 6 hivi. Mama lishe wetu alihamisha banda kutoka hatua kumi hadi arobaini. Wateja wanalalamika kutembea, ila oda hazikosewi tena.