Kabla Hujashusha Joto Chini ya Kolwezi: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Viwanda vya asidi vya Lualaba, mkoa wa Kongo wenye mji wa Kolwezi, huchoma salfa, na sehemu ya joto lake hupotea hewani. Wazo la kulihifadhi kwenye maji ya mahandaki ya zamani ya migodi lina maana: mjini Heerlen, Uholanzi, maji ya migodi ya makaa yanapasha nyumba tangu 2008. Lakini mwamba wetu si ule.

USIKUBALI kuambiwa kwamba mwamba wa Kolwezi ni kitu kimoja. Tabaka zenye shaba zilikatikakatika zamani za kale, zikabaki mapande yaliyozama ndani ya kifusi kilichogandamana. Ukipasha moto, kila pande hutanuka kivyake, na ufa huanzia pale yanapokutana.

PIMA mawe yenyewe. Pasha kipande, kipoze, kipashe tena, mara nyingi, ndipo ukiminye hadi kivunjike. Hifadhi ya joto hujazwa na kutolewa kila mara. Jiwe lililostahimili mara ya kwanza halijathibitisha lolote.

USIGUSE nguzo za mwamba zilizoachwa kushikilia dari. Septemba 1990, sehemu ya kati ya mgodi wa Kamoto, hapa Kolwezi, iliporomoka. Pamoja na misukosuko ya nchi, kampuni ya madini ya taifa, Gécamines, ilishuka kutoka tani zaidi ya 450,000 za shaba mwaka 1986 hadi chini ya 50,000 mwaka 1993. Na mwamba ule hakuna aliyekuwa ameupasha moto.

CHUNGUZA chokaa ndani ya maji. Maji yaliyokaa kwenye dolomiti, yakipashwa, hutema chokaa na kuziba mabomba. Yakipoa, huanza tena kula mwamba.

USIPELEKE maji ya moto chini ya makazi. Kamwe. Katika mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, tangu 2014, watu wamechimba kobalti ndani ya viwanja vyao, hata chini ya sakafu za vyumba, na vishimo vyao hukutana huko chini bila ramani.

JIFUNZE kutoka Kiabukwa, hapa hapa Katanga ya zamani: mwaka 1952 maji ya nyuzi 91 yalizalisha umeme wa mgodi wa bati. Lakini yalikuwa yakitoka ardhini yenyewe, bila kusukumwa na mtu; yetu tutayasukuma sisi.

PIMA visima vya wakazi kabla ya kuanza, kisha kila mwezi: joto, shaba, kobalti, manganizi. Matokeo yabandikwe mlangoni kwa shefu wa kartie, kwa Kiswahili, na mwenye kisima apewe nakala yake mkononi.